Kiberiti na Amri ya Saa Nane

Watu wakisikia kwamba katika miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa na gari, hucheka kwanza, halafu huuliza nililiiba wapi. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno na bado linanikera. Sikuiba. Nililinunua kwa mtawa mmoja Mzungu, muuguzi, aliyekuwa akirudi kwao baada ya kuzalisha wanawake wa Kibondo kwa miaka mingi, na fedha ilitoka kwenye maharage. Misimu mitatu ya maharage, mimi na mke wangu, tukilima kila siku baada ya kengele ya mwisho ya shule na likizo zote tangu asubuhi. Asiyeamini aje nimwonyeshe mgongo wangu.

Lilikuwa gari dogo, limekatwa wima pande zote kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, rangi yake ya majivu. Mlango wa nyuma ulifunguka wote kwenda juu, na ukiving'oa viti vya nyuma ulipata nafasi ya magunia manne au godoro moja. Gia haikuwa sakafuni kama kwenye magari mengine. Ilitokeza mbele ya dereva kama mpini wa mwavuli, ukawa unavuta na kusukuma. Udereva nilikuwa nimejifunza kambini, kwenye lori, wakati wa kulitumikia taifa, lakini gia ile ilinishinda, na yule mtawa alinifundisha asubuhi nzima kwenye uwanja wa misheni huku akijishika kichwa kila nilipoikwangua. Mchana nikashika njia ya Kasulu peke yangu, nikalala njiani, kesho yake nikafika nyumbani nimekuwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Nikachovya kijiti kwenye tangi kupima petroli. Nikachovya tena, maana sikuamini. Mwendo wote ule wa milima, na gari lilikuwa halijanywa petroli, lilikuwa limeinusa tu. Wanafunzi wangu waliliita Kiberiti siku hiyohiyo.

Kijiji chetu kilikuwa maili nane kutoka Kasulu, kwenye barabara ya Kagerankanda. Hatukuzaliwa pale. Tulihamishwa kutoka vilimani, kila kaya ikaacha migomba yake, tukapangwa kando ya barabara kwa mistari kama madaftari juu ya dawati. Tulichokuja nacho ni mifugo michache, vyungu, na machela.

Nieleze machela, kwa sababu vijana wa leo wanadhani mgonjwa amekuwa akipelekwa hospitali kwa pikipiki tangu dunia iumbwe. Machela yetu ilikuwa kikapu kirefu, urefu wa mtu, kilichosukwa kwa matete na kufungwa kwenye miti miwili. Kwa Kiha tuliita ingobyi. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja kwenye chama cha machela. Mtu akizidiwa, pembe inapigwa, mnaacha majembe, mnambeba mpaka hospitali hata kama ni mwendo wa kutwa. Akifa huko mnamrudisha kwa mabega hayohayo. Wanaobeba hubadilishana kila baada ya mwendo fulani: kiongozi anaita "Bega!" na waliochoka wanatoka, waliopumzika wanaingia bila mgonjwa kushushwa chini. Asiyekuja bila sababu alitozwa chungu cha pombe ya ndizi. Asiyekuja mara tatu alifukuzwa, na siku mtoto wake akiugua alimbeba mwenyewe mgongoni huku majirani wakimtazama. Hakuna aliyeshukuriwa kwa kubeba, na hakuna aliyetegemea shukrani.

Kiongozi wa chama kile alikuwa baba yangu. Aliongoza tangu kabla sijaanza shule. Bega lake la kulia lilikuwa na nundu ngumu ya miti ya machela, na chini ya tumbo alikuwa na ngiri ambayo yeye mwenyewe alisema aliipata siku walipombeba mama mmoja mnene mvua ikinyesha. Aliifunga kwa kitambaa, ikitoka anairudisha kwa mkono, na akaendelea kubeba.

Basi mimi nikaja na Kiberiti. Kwenye mkutano wa kwanza baada ya hapo nilisimama, kifua mbele, nikatoa hoja: wagonjwa wote nitawapeleka mimi kwa gari, petroli yangu, na kwa ajili hiyo nisamehewe zamu ya bega. Watu walipiga makofi. Nilijiona nimewakomboa. Baba peke yake hakupiga makofi. Alisema, "Gari lina mwenyewe. Machela haina mwenyewe." Watu wakacheka, wakasema mzee anamwonea wivu mwanawe, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Haukupita mwaka, chama kilikufa. Hakuna aliyekivunja. Pembe haikupigwa tena, maana mlango uliogongwa ulikuwa wangu. Miti ya machela niliichukua mimi mwenyewe, nikaichimbia uwanjani pamoja na wanafunzi wa darasa la tano, ikawa goli. Kikapu alikichukua jirani yetu mhunzi, rafiki mkubwa wa baba, akaanikia maharage mpaka mchwa wakakimaliza. Mchwa wakala na goli pia. Nasema haya ili ieleweke kwamba siwalaumu wengine tu. Lakini nitawalaumu pia, maana watu wazima waliacha jambo la babu zao kwa sababu mwalimu mmoja amenunua bati lenye magurudumu.

Na walivyolizoea lile bati! Mwanzoni waliniita kwa heshima: "Mwalimu, tunaomba msaada, mama huyu amezidiwa." Baada ya miezi sita ilikuwa "Mwalimu, washa Kiberiti." Nikasafirisha mbuzi anayetapika. Nikasafirisha maharusi ambao hawakunialika. Mwanamume mmoja alitaka nimpeleke Kasulu akanunue sindano ya cherehani, sindano moja, nilipokataa akatangaza kanisani kwamba naringa. Lakini mgonjwa sikumkatalia hata mmoja, na hilo nataka lihesabiwe upande wangu.

Kisha petroli ikawa shida. Redio ikatueleza kwamba huko duniani bei imepanda na nchi yetu maskini haiwezi kuendelea kuichezea. Ikatolewa amri: gari binafsi lisitembee siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka Jumatatu asubuhi, isipokuwa lenye kibali. Sikuipinga. Niliwafafanulia hata wanafunzi darasani kwa nini ni amri nzuri. Kilichonichoma ni kizuizi. Kiliwekwa kwenye kalavati maili moja chini ya kijiji chetu, gogo juu ya mapipa mawili, na mgambo wa kulilinda. Magari binafsi yaliyopita barabara ile yalikuwa mawili. Moja la mfanyabiashara wa Kasulu aliyekuja kununua maharage siku za Jumanne. La pili langu. Sasa nauliza, na nimeuliza mpaka nimezeeka: kizuizi cha Jumapili kiliwekwa kwa ajili ya nani?

Jumapili ninayoikumbuka nilitoka kanisani saa saba. Mke wangu alinikuta njiani, hakusalimu, akasema, "Baba ana hali mbaya." Nilimkuta baba amelala ubavu kwenye ngozi, magoti yamekunjwa, jasho limemlowesha. Ngiri ilikuwa imetoka tangu alfajiri, na safari hii ilikataa kurudi. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na alikuwa ameanza kutapika. Nilikuwa nimeshaipeleka ngiri ya namna hiyo hospitali kwa gari langu, ya mzee wa nyumba ya mwisho mtaani, tulichelewa, na tulirudi na maiti. Nilijua kabisa ninachokitazama. Utumbo ukinyongwa vile, asipopasuliwa kabla ya usiku amekwisha.

Nikang'oa viti vya nyuma, nikatandika godoro. Baba akakataa kuingia.

"Nitasubiri watu," akasema.

"Watu gani, baba?"

"Watu wa machela. Nimewabeba wote. Na wao wanibebe."

"Machela haipo, baba. Ilishakufa."

"Oya," akakataa. "Piga pembe."

Nilipandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa natazama saa. Dakika ishirini nzima nilibishana na mtu anayekufa juu ya kikapu kilicholiwa na mchwa. Mwishoni mke wangu alipiga magoti, akamsihi kwa Kiha, taratibu, kwa maneno ambayo mkwe humwambia baba mkwe, na ndipo akakubali kuinuliwa. Kila alipokunjwa kidogo alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilifika kwenye kizuizi saa nane kasoro dakika tatu kwa saa yangu. Kwa saa ya mgambo ilikuwa saa nane na dakika saba. Alikuwa kijana kutoka Kibondo, upande wa Murungu, mkulima kama sisi, aliyepewa kofia na bunduki.

"Kibali, Mwalimu," akasema.

"Nina mgonjwa. Mtazame."

Akamtazama. Akavua hata kofia. Halafu akasema, "Pole, mzee. Lakini amri haikusema mgonjwa, Mwalimu. Imesema kibali."

"Kibali kinatolewa wapi?"

"Kasulu."

"Nitafikaje Kasulu kuchukua kibali cha kwenda Kasulu?"

Akafikiri. Nasema kweli, alisimama pale akalifikiria swali langu kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Ungekichukua Ijumaa," akasema.

"Ijumaa baba yangu alikuwa mzima!"

Akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akatoa ufunguo na kuutia mfukoni. Aliniambia kwa upole kwamba mwenzake aliyeruhusu gari kupita mwezi uliopita amefukuzwa na kuwekwa ndani. Upole wake ndio ulionichoma zaidi. Angekuwa mkorofi ningejua la kumfanya.

Niliteremka nikapiga kelele. Nilimweleza hesabu ambayo ningeweza kuiandika gizani. Kutoka pale hadi hospitali ni maili saba. Gari langu lingetumia petroli ya kujaza chupa mbili za soda, na ya tatu ingebaki nusu. Kwa ajili ya chupa mbili na nusu za soda, taifa linataka baba yangu afe barabarani? Watu waliokuwa wakirudi kutoka kanisani walianza kujaa.

Tukiwa hapo tukasikia gari kubwa linakuja kutoka upande wa Kagerankanda. La serikali. Mgambo alilikimbilia gogo akaliinua kabla halijapunguza mwendo, lakini mimi nilisimama katikati ya barabara, likalazimika kusimama. Nyuma kulikuwa na mkungu wa ndizi na mbuzi wawili. Mbele, dereva, na bwana mmoja aliyekuwa amelala, akaamka. Nikamweleza. Dereva alinionyesha kwa kidole mlango wake, palipoandikwa kwamba gari halipakii abiria.

"Mbuzi je?" nikauliza. "Mbuzi si abiria?"

"Fuateni utaratibu, Mwalimu," yule bwana akasema, na akapandisha kioo. Gari lile lilikunywa kwa kupanda kilima kimoja petroli ya kunitosha mimi wiki nzima. Likaondoka, na mbuzi wakatutazama mpaka likapinda kona. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msemo huu nilikuwa nimeufundisha miaka yote, nikidhani ni habari ya chakula.

Baba alilia tena ndani ya gari. Mtu akasema tukate miti, tutengeneze machela. Miti gani? Kando ya barabara kulikuwa na mihogo na maharage tu, na machela haisukwi kwa saa moja. Mwingine akasema tumbebe kwa blanketi, lakini blanketi linamkunja mtu, na kukunjwa ndiko kulikokuwa kunamuua.

Ndipo yule mhunzi, rafiki wa baba, akamsogelea mgambo. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili, lililofungwa mpaka kifungo cha shingo.

"Mwanangu," akamwambia, "serikali inaogopa gari au inaogopa petroli?"

"Petroli, mzee."

"Ufunguo unao wewe?"

"Ego, ninao."

"Gari lisilo na ufunguo litakunywa petroli?"

"Haliwezi, mzee."

"Basi sisi tunalisukuma. Litakuwa kama gogo tu, tunaviringisha gogo letu."

Mgambo akageuka huku na huku. Akatazama barabara upande wa Kasulu, akatazama upande wa Kagerankanda. Halafu akainua gogo lake, taratibu, kama mtu anayeinua kitu kisicho chake. "Lakini ufunguo nabaki nao mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Hiyo ni amri."

Nikaingia kwenye kiti, nikashika usukani. Wanaume kumi na sita wakashika gari, nyuma na ubavuni, na mhunzi akaita neno ambalo kijijini kwetu lilikuwa halijasikika kwa muda mrefu: "Bega!" Kiberiti kikaanza kwenda.

Huo ndio ujinga nilioushiriki nikiwa na akili timamu: injini nzuri, tangi lina petroli, magurudumu mazima, na watu wanalisukuma gari maili saba milimani ili kutekeleza amri ya kuokoa chupa mbili na nusu. Kwenye kupanda walisukuma kwa vifua, viatu vya kanisani vikiteleza kwenye changarawe. Kwenye kuteremka gari lilikimbia lenyewe, nami nikalizuia kwa breki huku wao wakikimbia nyuma wasiachwe. Kila mwendo wa kama nusu maili mhunzi aliita, na waliochoka wakatoka kama zamani, bila gari kusimama, wengine wakaingia. Habari ilitutangulia. Kila tulipopita nyumba, wanaume walitoka. Walijiunga Warundi wawili waliokimbilia kwetu miaka ile, vibarua wa mashamba, ambao hawakuwa wanachama wa chochote kijijini. Hakuna aliyewaita, wala hawakuuliza chochote. Hata kwao mgonjwa hubebwa. Waliinama wakashika bampa.

Kwenye sehemu ya kwanza iliyonyooka, mhunzi alikuja dirishani kwangu akitembea kwa haraka, shati limeganda mgongoni.

"Mwalimu, shuka tubadilishane. Hapa ni tambarare, mimi nitashika."

"Breki za gari hili unazijua wewe?" nikamwambia.

Akarudi nyuma. Baada ya vilima viwili tukafika tena mahali palipolala. Akaja tena.

"Zamu, Mwalimu. Vijana wamechoka. Na wewe ingia."

"Hii si machela, mzee. Hili ni gari."

Akanitazama kidogo, akarudi kusukuma. Hakuniomba tena, wala mwingine hakuniomba. Nilikaa pale na shati langu kavu, nikiwaka kwa hasira juu ya mgambo, juu ya yule bwana wa mbuzi wawili, na juu ya redio. Nyuma yangu baba alikuwa ameacha kulia. Nilikuwa nageuka kila mara kuona kama kifua chake bado kinapanda.

Tulifika hospitali ya Kasulu jua likiwa linatua. Wauguzi walitoka kushangaa gari linaloingia bila sauti, limezungukwa na wanaume zaidi ya ishirini wekundu kwa vumbi. Daktari alimbonyeza baba mara moja tu na kuamuru apelekwe chumba cha upasuaji. Baadaye aliniambia kwamba angekawia kidogo tu utumbo ungekuwa umeoza. Baba alipona. Nataka hilo lijulikane, maana wengi huniuliza kwa uso wa msiba. Wale wanaume walikunywa chai kwa Mwislamu mmoja mwenye hoteli karibu na soko, ambaye aliwapa na maandazi na kukataa kulipwa, wakarudi kwa miguu.

Asubuhi ya Jumatatu gari lilikuwa Kasulu na ufunguo ulikuwa kwenye kalavati. Nikatembea maili saba kuufuata ufunguo, na maili saba kuurudisha kwenye gari. Mgambo alinipa kwa mikono miwili. "Mzee ameamkaje?" akauliza, na macho yake yalikuwa mekundu kama hakulala. Nilitaka kumpiga. Nikamwambia ameamka salama. Nikiwa mjini nilipita ofisi ya vibali, nikamuuliza karani kama kuna kibali cha ugonjwa. Akasema kipo, lakini mwombaji ataje tarehe ya safari siku mbili kabla. Niliandika barua ya malalamiko kurasa nne kwa mwandiko wangu bora, na majibu nayasubiri hadi leo.

Siku ya tano baba aliweza kukaa. Nilimkuta akinywa uji, amekonda, macho yake mapya. Nikafurahi hata nikaanza kumsimulia upya habari ya mgambo na kibali, nikiigiza sauti zote. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na sita walipoanza. Walipofika, zaidi ya ishirini."

Akataka niwataje mmoja mmoja, na nikawataja, na kila mmoja alimwitikia kwa kichwa kama anayepokea salamu. Nilipofika kwa wale Warundi wawili akafumba macho kwa muda, akasema akitoka atakwenda kwao kuwasalimu.

"Na wewe ulikuwa upande gani?"

"Nilikuwa kwenye usukani, baba."

"Njia nzima?"

"Kulikuwa na miteremko. Bila breki tungekwenda korongoni."

"Ego. Kwenye miteremko." Akakisogeza kikombe kando. "Lakini mwana wanje, nilikuwa mlemle ndani. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa kiziwi. Nilisikia ukiombwa zamu mara mbili."

Nikaanza kujitetea. Aliinua mkono wake kidogo, kama alivyokuwa akifanya kwenye mikutano ya chama mtu asiyekuja alipoanza kutoa sababu, akajigeuza taratibu, akanipa mgongo. Aliishi miaka mingi baada ya pale na alipanda gari langu mara nyingi. Hakuligusia tena jambo lile.

Nimeisimulia safari hii kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye vyumba vya walimu, na siku zote naianzia kwenye kizuizi na kuimalizia kwenye barua ya kurasa nne, na watu hupandwa na hasira pamoja nami, na hasira hiyo ni ya haki, siirudishi. Lakini breki hazikuwa sababu. Mahali pale pa pili barabara ilikuwa imelala kama mkeka, hata mtoto angeushika usukani ule. Mhunzi aliponiomba niliitazama mikono yake aliyoiweka dirishani, mikono ya mkaa na chuma isiyotakata hata Jumapili, na huku baba yangu anakufa nyuma yangu nikawaza kwamba Jumamosi tu nilikuwa nimeufunga usukani kwa kitambaa kipya, cheupe.